Filamu na Amri ya Nane

Katika sharika zetu filamu ina mahali pawili tu pa kukaa. Ama imo katika orodha ya mambo ya dunia, pamoja na pombe na dansi, na mhubiri huitaja pale anapotaka kuwakemea vijana. Ama iko mezani kwa muuza CD nje ya geti la kanisa, na jalada lake linaonyesha mchungaji aliyeinua mkono na mwanamke anayegaagaa chini. Ile ya kwanza tunaikemea bila kuitazama. Hii ya pili tunainunua bila kuipima. Napinga yote mawili, na hasa hili la pili, kwa kuwa limevaa joho la kanisa.

Hoja yangu ni fupi. Sisi Walutheri tumefundishwa tangu kipaimara kwamba Amri ya Nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Martin Luther hakuishia kwenye katazo. Alifundisha kwamba amri hiyo inatudai pia kumtetea jirani, kumsema kwa wema, na kuyapokea mambo yake kwa tafsiri iliyo njema kadiri inavyowezekana. Sasa, filamu ni ushahidi. Inasimama mbele ya watu na kusema: huyu ndiye bibi wa kijijini, huyu ndiye mtu wa pwani, huyu ndiye mwanamke aliyeachika. Basi swali la kwanza la Mkristo kuhusu filamu si kwamba jina la Yesu limetajwa mara ngapi. Swali ni hili: jirani ameshuhudiwa kweli, au ameshuhudiwa uongo?

Tuanze nyumbani kwetu, kwenye filamu tunazoziita za Kikristo. Nyingine zinatoka Nigeria zikiwa zimetiwa sauti ya Kiswahili juu, nyingine ni za hapa hapa. Ukitazama tatu unajua ya nne itakwishaje. Kuna familia yenye taabu. Mchawi ni bibi kizee, mara nyingi mama mkwe. Kuna mganga mwenye shuka nyekundu na tunguri. Dakika kumi za mwisho anaingia mchungaji, anapaza sauti, moshi unafuka, bibi anaanguka, mimba inapatikana, gari linanunuliwa, na maandishi yanatokea kumpa Mungu utukufu.

Mtaniambia ni burudani tu. Sivyo. Katika nchi yetu, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi. Wengine shitaka lao lilikuwa macho mekundu, na wekundu ule ulitokana na moshi wa kuni walizopikia wajukuu. Mtu aliyeshika panga hakuhitaji ushahidi wa mahakamani. Alihitaji tu sura ya mchawi kichwani mwake, na sura hiyo alikuwa nayo tayari. Sisemi kwamba filamu fulani imemuua mtu fulani. Nasema kwamba sura ile inapakwa rangi upya kila jioni sebuleni kwetu, kwa fedha yetu, na tunasema "Amina" inapokwisha.

Kwa sisi tunaoishi Unguja kuna uongo wa pili. Mtengenezaji wa filamu anapotaka uganga ulio mkali kuliko wote, anaupeleka pwani. Kanzu, kofia na maandishi ya Kiarabu ukutani vinatosha kumwambia mtazamaji kwamba hapa pana majini. Lakini kanzu na kofia hiyo ni vazi la jirani yetu wa Kikwajuni na Mwembeladu, mwuza duka anayetukopesha unga hadi mwisho wa mwezi, mama anayetuma mtoto atuletee sahani ya futari ingawa anajua hatukufunga. Kijana wa usharika anayelelewa kwa filamu hizi atamtazamaje jirani huyo? Atamtazama kama mtu anayesubiri kukemewa pepo. Huko si kuinjilisha. Huko ni kumvunjia jirani heshima na kuliita jambo hilo huduma.

Sasa tazameni ushahidi wa namna nyingine. Yupo mwongozaji wa filamu Mtanzania, Amil Shivji, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1990, akasomea filamu Kanada na kurudi kufanya kazi nyumbani. Mwaka 2013 alitoa filamu fupi ya Shoeshine, inayomhusu kijana anayeng'arisha viatu mtaani. Mwaka 2017 filamu yake ndefu T-Junction ilifungua Tamasha la Nchi za Jahazi hapa Zanzibar. Kisha mwaka 2021 ikaja Vuta N'Kuvute, iliyotoka katika riwaya ya Mzanzibari mwenzetu Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto, ikapata tuzo ya fedha katika tamasha la Carthage kule Tunisia, na Tanzania ikaipeleka kushindania tuzo za Oscar. Kabla yake nchi yetu ilikuwa imefanya hivyo kwa filamu moja tu, Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, miaka ishirini nyuma.

Siitaji kwa sababu ya tuzo. Tuzo za Toronto na Tunisia hazimwongezei Mkristo imani. Naitaja kwa sababu ya jinsi inavyowashuhudia watu wa kisiwa hiki.

Hadithi yake iko Unguja ya miaka ya 1950, siku za mwisho za utawala wa Mwingereza. Yasmin, msichana mwenye asili ya Kihindi, ameozwa mume mzee asiyempenda. Anatoroka. Ndugu zake mwenyewe, watu wa heshima na dini, wanamfungia mlango. Anayemfungulia ni Mwajuma, mwanamke Mswahili, mwimbaji wa taarabu, mtu ambaye mama zetu wa umoja wa wanawake wangemnong'ona kabla hajamaliza kupita. Katika mzunguko huo Yasmin anakutana na Denge, kijana anayepambana na wakoloni huku polisi wakimwinda, na mapenzi yanaanza mahali ambapo rangi, dini na sheria zote zinayakataza.

Mtu aliyewahi kusikia mfano wa Msamaria mwema anahitaji kuelezwa nini zaidi? Wenye cheo cha ibada walipita kando. Aliyefunga jeraha ni yule ambaye wasikilizaji wa Bwana wetu hawakutaka hata kumtaja kwa jina. Filamu hii haikumnukuu Luka wala haikukusudia. Lakini imeona kitu ambacho Luka alikiona, na imekionyesha katika vichochoro ambavyo sisi tunavipita kila siku tukienda sokoni Darajani. Hakuna anayevaa kanzu ili atishe. Hakuna mzee aliyewekwa pale awe mchawi. Kuna watu wenye woga, wenye mzaha, wenye aibu, wenye ujasiri ambao hawakuujua kuwa wanao. Picha haina haraka. Inakaa juu ya uso wa mtu mpaka ukubali kwamba ni uso wa mtu. Huo ndio utii wa Amri ya Nane, hata kama aliyeutenda hakuwa akiifikiria.

Nayajua majibu yatakayokuja, maana nimeyasikia katika vikao vya wachungaji na katika mafunzo ya vijana. Yako matatu.

La kwanza: filamu hiyo si ya Kikristo, ina siasa, na ina mapenzi nje ya ndoa. Ni kweli. Lakini mwenye kukataa kila hadithi iliyo na dhambi ndani yake ataanza na kitabu cha Mwanzo na hatafika mbali. Biblia haikumficha Daudi alipomtazama mke wa Uria, wala haikuwaficha binti za Lutu. Inawaonyesha watu walivyokuwa, kisha inasema Mungu hakuwaacha. Kuonyesha dhambi si kuifundisha. Kinachofundisha dhambi ni kuipamba, na hilo linatendeka zaidi katika zile filamu zetu ambazo baraka ya Mungu ni gari jipya na nyumba ya ghorofa.

La pili ni zito zaidi, na halifai kujibiwa kwa wepesi. Wapo wasemao: mchungaji, unatutaka tutazame hadithi za majirani, umesahau yaliyotupata? Sijasahau. Mwaka 2012 makanisa yalichomwa moto hapa Zanzibar. Februari 2013 Padri Evarist Mushi wa Kanisa Katoliki alipigwa risasi akauawa akienda kuongoza misa. Wapo washarika waliofunga mizigo wakarudi bara, na waliobaki waliingia ibadani wakitazama mlango.

Lakini hebu tufikiri. Watu waliochoma makanisa walifanya hivyo wakiwa na picha kichwani: picha ya Mkristo kama mgeni, mlevi, adui aliyeletwa na meli. Ulikuwa ni ushahidi wa uongo juu yetu, na ulitugharimu. Je, dawa yake ni sisi nasi kutengeneza ushahidi wa uongo juu yao? Tuwape watoto wetu picha ya Mwislamu kama mtu wa majini, kisha tushangae kisiwa kisipokuwa na amani? Jirani aliyekuja kutupa pole mwaka ule alikuwa Mwislamu, na walikuwa wengi. Amri ya Nane haikuwekewa sharti kwamba itatumika pale tu jirani atakapokuwa ameitimiza kwanza.

La tatu linatoka kwa wasomi wetu: filamu makini huleta mashaka, nayo mashaka huua imani. Wanao mfano mkubwa wa kuutaja, na ni mfano wa nyumbani, kwa maana ni wa nyumba ya mchungaji wa Kilutheri. Ingmar Bergman alizaliwa Uppsala, Sweden, mwaka 1918. Baba yake, Erik, alikuwa mchungaji wa Kanisa la Sweden jijini Stockholm, kanisa lile lile lililotutolea Bengt Sundkler, askofu wa kwanza wa Kilutheri kule Bukoba. Mtoto alilelewa kwa adhabu kali na nyimbo za kanisani. Ukubwani aliiacha imani ya wazazi wake, akawa mmoja wa waongozaji wakubwa wa filamu wa karne iliyopita, na hadi alipofariki mwaka 2007 watu walimjadili katika vyuo vya theolojia kuliko walivyowajadili maaskofu wengi.

Mwaka 1963 alitoa filamu ambayo jina lake kwa Kiswedi linamaanisha washiriki wa Meza ya Bwana. Ni majira ya baridi, kanisa ni la kijijini, na waliokuja mezani wanahesabika kwa vidole. Baada ya ibada mvuvi mmoja analetwa na mkewe kwa mchungaji, kwa sababu hofu ya silaha za nyuklia imemnyima usingizi. Mchungaji, badala ya kumsikiliza, anamwagia mashaka yake mwenyewe. Mvuvi anatoka, anakwenda kando ya mto, anajiua.

Siku hiyo hiyo mchungaji anakwenda kuongoza ibada katika kanisa la pili. Mhudumu wa kanisa, mtu mlemavu mwenye maumivu ya kila siku, anamwuliza juu ya mateso ya Kristo. Anasema kwamba tumeyatazama mno maumivu ya mwili, kumbe uchungu mkubwa zaidi ulikuwa kuachwa: wanafunzi kukimbia, na Baba kunyamaza. Kengele inapigwa. Hakuna aliyekuja isipokuwa mwalimu wa shule asiyeamini. Mchungaji anasimama na kuianza ibada. Filamu inaishia hapo.

Sijapata kuona mafundisho ya uchungaji makali kuliko hayo, na yametoka kwa mtu aliyeliacha kanisa. Laiti kila mwanatheolojia angeitazama kabla ya kuwekewa mikono, ajue kwamba mtu anaweza kufa kwa sababu mchungaji alijisikiliza mwenyewe. Na yule mhudumu wa kanisa amehubiri Ijumaa Kuu kwa maneno machache kuliko mahubiri yetu ya saa mbili.

Ndipo tunapomkuta tena Luther. Mwaka 1518, kule Heidelberg, alitofautisha theolojia ya utukufu na theolojia ya msalaba. Mtu wa theolojia ya utukufu huyageuza majina ya vitu, ubaya akauita wema. Mtu wa theolojia ya msalaba hukiita kitu kwa jina lake. Zipime filamu kwa kipimo hicho. Ile ambayo kila ugonjwa unapona dakika ya tisini ni filamu ya utukufu, hata ikiwa imejaa haleluya. Ile inayothubutu kuita kuachwa kuwa ni kuachwa iko karibu zaidi na Golgotha, hata kama aliyeitengeneza alisimama nje ya mlango wa kanisa. Imani inayovunjika kwa kuona mchungaji mwenye mashaka ilikuwa imejengwa juu ya mchungaji.

Wala hatuhitaji kwenda Sweden kulithibitisha hilo. Nendeni Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Waanglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Nje, ndani ya shimo, wamesimama watu watano wa mawe wakiwa na minyororo ya chuma shingoni. Mchongaji wake ni msanii wa Kiswedi, Clara Sörnäs, aliyeifanya kazi hiyo mwaka 1998. Hakuna malaika juu yao. Hakuna anayewafungua. Kanisa limeikubali kazi ile isiyofariji ikae uwanjani pake, karibu na altare, na hakuna mtu mwenye akili aliyesema kwamba imeharibu imani ya mtu. Watu husimama pale wakanyamaza, kisha wengi huingia kanisani. Tukikubali kweli katika jiwe, kwa nini tuiogope katika picha inayotembea?

Mji Mkongwe unalijua jambo hili kuliko sisi. Mji huu ulikuwa na majumba ya sinema tangu zamani za wakoloni, na jengo la Majestic pale Vuga bado lipo, ingawa limechoka. Watu wa dini zote na rangi zote walikaa safu moja gizani, wakacheka na kulia pamoja. Na tangu mwaka 1998 Tamasha la Nchi za Jahazi limekuwa likionyesha filamu ndani ya Ngome Kongwe, ambamo kuta zake zimebeba mabaki ya kanisa la Wareno. Jirani zetu wanakwenda. Wageni kutoka Ulaya wanakwenda. Washarika wetu, ambao nyumba zao zinafikika kwa daladala moja, hawaendi, kwa kuwa hatukuwaambia kwamba pale pana jambo linalowahusu.

Basi nasema nini kifanyike? Mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji azimio la sinodi.

Wazazi waache kununua filamu inayomchafua mwanamke mzee au inayomgeuza Mwislamu kuwa jini, hata ikiwa na jina la Yesu kwenye jalada. Wakiulizwa kwa nini, wajibu kwamba Amri ya Nane imekataza.

Walimu wa kipaimara, wanapofika kwenye amri hiyo, wasiishie kwenye umbea wa kijiweni. Wawaulize vijana: juma hili umemwona nani kwenye simu yako, na alionyeshwa kwa kweli?

Wazee wa kanisa wafungue ukumbi wa usharika mara moja kwa robo mwaka, waonyeshe filamu moja makini kwa watu wazima, na baada yake watu wazungumze. Majirani waalikwe. Wasiwekewe mahubiri mwishoni kama mtego. Waalikwe kama wageni.

Na kamati za fedha, ambazo kila mwaka zinapata fedha ya spika mpya na sare mpya za kwaya, zitenge kidogo kwa kijana wa usharika mwenye kipaji cha kushika kamera. Zisimpe sharti kwamba kila hadithi yake imalizike madhabahuni kwa mtu kuokoka. Zimpe sharti moja tu: asimshuhudie jirani yake uongo. Akilishika hilo atakuwa amefanya kazi ya Mungu katika wito wake, kama fundi viatu anayefanya kiatu kizuri.

Siku ya mwisho hatutaulizwa ni filamu ngapi tulizikemea. Tutaulizwa habari za jirani: tulimwona au hatukumwona, na tulipomwona tulisema nini juu yake. Wapo wanaotusaidia kumwona, na baadhi yao hawasali nasi. Tukiukataa msaada wao kwa sababu hiyo tu, tutabaki na majalada yetu yenye moshi, tukidhani tunamtetea Kristo, ilhali yule mama mwenye sahani ya futari amesimama mlangoni na hatumtambui.